Hivi kwanini wadada wa pop wanapanda stejini na bodisuti? Fundi cherehani wa Mwanjelwa nina neno

Mama Cherehani:

Wakuu habari za majukumu.

Hii mada inazunguka sana, saluni, kwenye bajaji, mpaka kwenye vikao vya sendoff. Kwamba hawa wadada wakubwa, Beyoncé, Taylor Swift, Lady Gaga, Jennifer Lopez, wana hela ya kununua gauni lolote duniani lakini ikifika saa ya shoo wanatinga bodisuti, kile kinguo cha kubana kinachoishia nyongani kama wanaenda kuogelea. Majibu ninayosikia ni mawili tu, ama hawana maadili ama wanauza mwili, basi, mjadala umefungwa, kila mtu anarudi kwenye simu yake.

Mimi ni fundi, banda langu lipo Mwanjelwa hapa Mbeya, nashona sare za kwaya, nashona magauni ya sendoff, na kuna vikundi vya madansa nawashonea nguo za shoo. Kwahiyo leo naomba niongee kama mtu wa mkasi na sindano. Msimamo wangu ni kwamba ile ni nguo ya kazi, ni ovaroli ya mtu anayecheza. Biashara ya kuonesha mwili ipo, sikatai na nitaifikia, ila yenyewe ilikuja kupanda juu ya nguo ambayo tayari ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sababu za kifundi kabisa.

Na aliyeanza nayo ni mwanaume. Novemba 1859 pale Paris, kwenye ukumbi wa sarakasi ulioitwa Cirque Napoléon, kijana wa Kifaransa Jules Léotard alionesha kitu ambacho watu walikuwa hawajakiona, anaachia bembea moja hewani anaruka anadaka nyingine. Sasa mtu wa namna hiyo shati likipepea likamfunika uso au likanasa kwenye kamba ndo mwisho wake, kwahiyo akawa anavaa nguo moja ya kubana mwili mzima, na baadaye nguo yenyewe kwa Kiingereza ikaitwa kwa jina lake, leotard. Ikaenda kwa watu wa baleti, ikaenda kwa wacheza jimnastiki. Mwaka 1958 mkemia mmoja wa kampuni ya DuPont huko Marekani anaitwa Joseph Shivers akapata uzi wa spandeksi, ule unauvuta mpaka mara tano ya urefu wake na ukiuachia unarudi, hapo ndo mchezo ukabadilika kabisaaa, maana vitambaa vya zamani vikishalowa jasho vinalegea na kuning'inia magotini.

Sasa njooni kwenye meza yangu ya kukatia. Chukua blauzi na sketi nzuri tu, mvalishe densa, mwambie anyanyue mikono juu: blauzi imepanda, kitovu nje. Mwambie achuchumae ainuke azunguke mara mbili: sketi imezunguka, zipu ya pembeni imehamia mbele, na yeye badala ya kucheza anavuta nguo. Mmeshawahi kuona msanii anaimba huku mkono mmoja unashusha kinguo kila baada ya sekunde kumi? Huyo hajavaa nguo ya kazi. Bodisuti imeshikwa juu mabegani na imeshikwa chini katikati ya mapaja, hata akipinduka kichwa chini miguu juu haina pa kwenda. Ndo maana nawaambia wateja wangu kwamba ya kubana vizuri ina heshima kuliko gauni fupi, sababu gauni fupi ni mpaka ainame tu.

Ule mkato wa juu nyongani ambao ndo unawaudhi wengi nao una sababu yake. Ukikata mstari wa mguu chini, pale paja linapoanza, kila akipiga teke kitambaa kinavutwa na kinajikunja kwenye maungio, kinamkata, na mshono unafumuka. Ukipandisha mpaka juu ya mfupa wa nyonga, paja linatembea lenyewe na nguo inabaki palepale. Alafu kuna suala la umbali. Uwanja wa watu elfu sabini, aliyekaa nyuma anamuona msanii kama kidole gumba, asipoona mguu unaanzia wapi na unaishia wapi haoni dansi, anaona kitu kinatikisika. Na ndo kazi ya yale mawe yanayometa pia, yanadaka taa.

Angalieni ile video ya Single Ladies ya Beyoncé ya 2008. Nyeusi na nyeupe, wanawake watatu, nyuma yao hakuna nyumba hakuna gari hakuna chochote, shoo nzima imebebwa na miguu na nyonga. Walimu wake wa dansi, Frank Gatson na JaQuel Knight, walichota kwenye dansi ya 1969 iliyotungwa na mwalimu wa dansi wa Marekani Bob Fosse, aliyoicheza Gwen Verdon. Wale watatu ungewavalisha madera ungeona nini sasa?

Af kitu ambacho wengi hamkijui, ile ngozi mnayoiona mara nyingi sio ngozi. Chini kuna taiti ya rangi ya mwili, nzito, imekaza, wengine wanapanga mbili au wanaweka ya wavu juu yake. Pale panapoonekana pametobolewa kifuani au kiunoni kuna neti ngumu ya rangi ya ngozi imeshonwa. Tina Turner alishaeleza kwamba soksi za wavu alizipendea kwa sababu zile za kawaida zilikuwa zinachanika stejini, na nguo za ngozi ya mnyama kwa sababu hazionyeshi jasho wala uchafu. Umeona majibu hayo? Ni majibu ya fundi.

Na kuna kubadilisha. Taylor Swift kwenye ile Eras Tour yake, kuanzia Machi 2023 mpaka Desemba 2024, shoo 149, kila shoo inapita masaa matatu. Anatoka na bodisuti, ukifika wimbo wa The Man anatupia koti juu yake, kaenda. Kuna sehemu madansa wanamzingira na miamvuli, anatoka pale ana vazi jingine. Unafanyaje hivyo kama umevaa gauni la zipu ndefu na ndoano saba mgongoni?

Sasa shida yetu huku. Msanii wa hapa anakuja na picha kwenye simu, "mama nishonee kama hii", bajeti elfu ishirini, show ni kesho kutwa. Kitambaa kaleta mwenyewe cha gauni, hakivutiki hata kidogo. Bitana hataki, anasema inaongeza gharama. Taiti hana. Anapanda nayo hivyohivyo, na hapo kweli wakuu anakuwa kavaa chupi mbele za watu, sibishi. Watu wanaangalia ile wanasema kaiga wazungu, mimi nasema wala hajaiga, angeiga angeiga na vya ndani.

Hata taiti zenyewe ni kazi kupata, zilizojaa hapa zinaitwa rangi ya mwili ila mwili wa mzungu. Mimi nachofanya nachemsha majani ya chai, ya kwetu Tukuyu, yawe mazito kweli, nachuja, natumbukiza taiti ikiwa imelowa maji, nageuzageuza mpaka ikolee, kisha siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia. Haiwi nyeusi lakini inashuka inakuwa kahawia ya kueleweka. Sio sisi tu wenye shida hii, huko Uingereza kwenyewe kampuni ya viatu vya baleti Freed of London ndo imekuja kutoa viatu vya rangi za watu weusi mwaka 2018, miaka yote hiyo madansa weusi walikuwa wanavipaka poda na foundesheni.

Povu ruksa ila tuheshimiane.

---

Kaka wa Uyole:

Uzi bila picha ni batili 😂

Mama umeongea vizuri lakini mimi hoja yangu moja tu, hizo nguo za kazi zina mipaka ya kijiografia. Aje huyo Taylor Mbeya mwezi wa saba saa nne usiku pale uwanja wa Sokoine na hicho kinguo tuone hayo masaa matatu. Wimbo wa pili tu ataomba blanketi la kimasai.

---

Dada wa Njombe Baridi:

@Kaka wa Uyole na Mbeya mna baridi gani nyie, njoo Makete. 😂😂 Ila ukicheza kwa nguvu baridi haipo, shida ni ukishuka stejini, jasho linapoa mgongoni unatetemeka kama una malaria. Nilishacheza, najua. Ndo maana madansa nyuma ya steji huwa wana masweta na makoti mazito yanawasubiri.

---

Mtumishi wa Rungwe:

Bwana asifiwe. Dada fundi nimekusoma mpaka mwisho na nakupongeza kwa kazi ya mikono yako. Lakini naomba nikuulize kwa upole, kwaya zetu za Moravian pale Rungwe wanaimba na kucheza, wanaruka kweli kweli, na wamevaa sketi za kufunika magoti na mashati ya mikono mirefu. Mbona nguo haziwazunguki? Tusitafute sababu za kitaalamu kuhalalisha kila kitu. Na tusisahau serikali ina macho, Januari 2021 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, waliifungia Wasafi TV miezi sita kwa sababu ya kurusha shoo ambayo dada mmoja alionekana na vazi la namna hiyohiyo. Wale sio mafundi cherehani, lakini waliona kilichopo.

---

Mama Cherehani:

@Mtumishi wa Rungwe amina mtumishi, asante kwa ustaarabu.

Sare za kwaya nashona mimi mtumishi, nikuambie siri yake. Ile sketi ina marinda mapana chini na mkanda wa lastiki mpana kiunoni, shati linachomekwa na huwa nalishonea lastiki kwa ndani, na uchezaji wa kwaya mnyanyuo wake wa mguu ni wa chini, ni hatua za pembeni, mabega na mikono. Nguo na mchezo vimeendana. Ukiwaambia kwaya hiyohiyo wapige teke la kufika begani, sketi hiyo itatushinda wote mimi na wewe. Ngoma ya mganda huko Ziwa Nyasa nayo vivyo hivyo, bukta nyeupe, shati jeupe, mistari imenyooka, kwa sababu raha ya ule mchezo ni magoti na hatua zinavyopokelewa pamoja.

Suala la maadili sikupingi, kila jamii ina mpaka wake na ukumbi una watu wake. Ila tusijidanganye kwamba wenzetu huko hawaoni kitu. Cher mwaka 1989 alirekodi video juu ya manowari ya kivita akiwa na kivazi cha neti, MTV wakaihamishia usiku, watoto wakishalala. Shakira na Jennifer Lopez Februari 2020 kwenye Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, mamlaka yao ya mawasiliano ilipokea malalamiko zaidi ya 1,300. Wenyewe kwa wenyewe wanasutana.

Mimi ninachopinga ni kusema sababu ni moja. Ukisema sababu ni moja hutashona nguo nzuri.

---

Spika Mbovu:

Kamwene wote. Mimi fundi mitambo, Iringa, nimefunga vyombo vya muziki uwanja wa Samora mara kibao, kwahiyo ngoja niongezee upande ambao mama hajaugusa.

Msanii mkubwa anayeimba laivu ana kiboksi mgongoni kinachopokea sauti ya bendi na kumpelekea masikioni, na kama anatumia maiki ya kichwani anaongezeka na kiboksi cha pili cha kutuma sauti. Kila kimoja kina waya. Sasa hivyo vitu viwili unaviweka wapi kwenye gauni laini? Mtu mwenye suruali unachomeka kwenye mkanda lakini akiruka kinaning'inia kinampiga matako, na kikichomoka ndo umeua shoo, msanii hasikii kitu anaimba kwa kubahatisha. Nguo ya kubana unamshonea mfuko wa lastiki chini ya mgongo, kiboksi kimetulia, waya unapanda ndani ya nguo mpaka shingoni, mtu haoni.

Adui mwingine ni jasho. Jasho likiingia kwenye kiboksi kwisha habari. Mafundi wenzetu wa majumba makubwa ya maigizo huko nje kiboksi wanakivalisha kondomu, zile zisizo na mafuta, sio utani. Mimi nilipoenda dukani kununua pakiti nzima saa tatu asubuhi nikiwa na ovaroli, muuzaji aliniangalia sana.

---

Kaka wa Uyole:

@Spika Mbovu "ni za kazi dada"  😂😂😂😂 nimekufa

---

Mnyalu Halisi:

Naona mama unapigiwa makofi tu humu ila mimi sijakubali. Nakuuliza swali moja, lijibu bila kuzunguka.

Michael Jackson alicheza na suruali. Usher suruali. Chris Brown anapinduka sarakasi na suruali, tena pana, na kaptula. Diamond wetu anacheza shoo nzima jasho linaruka mpaka kwenye kamera, suruali na koti. Viboksi vya mgongoni wanavyo. Taa zinawapiga. Uwanja ni uleule wa watu elfu sabini na yule wa nyuma anawaona vizuri tu. Mbona hao hakuna anayesema "bila kuona mapaja dansi haisomeki"? Kama ni nguo ya kazi, mbona ovaroli ni ya jinsia moja? Fundi bomba wa kike na wa kiume ovaroli yao si moja?

Jibu ni biashara. Kampuni za muziki zinajua kinachouza. Hayo mengine ya mkato na lastiki ni maelezo mliyotafuta baadaye.

---

Mama Cherehani:

@Mnyalu Halisi hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, kaa vizuri.

Suruali inafanya kazi, tena vizuri, na sio kwa wanaume tu. Janet Jackson 1989 kwenye Rhythm Nation amevaa suruali na koti jeusi la kijeshi kafunga mpaka shingoni, na ile dansi mpaka leo watu wanaiogopa. Kundi la TLC miaka ya tisini walivaa manguo mapana hata hujui kiuno kipo wapi. Sasa angalia walichokuwa wanacheza. Dansi za mtaani, uzito uko chini, magoti yamekunjwa, mguu unakanyaga, mkono unakata. Nguo pana inaongeza ile mikato, kitambaa kinachelewa kidogo nyuma ya mwili kinapiga mshindo. Michael naye alikuwa anachezea soksi nyeupe na suruali fupi ili jicho lako liende kwenye kisigino, ule nao ni ufundi wa nguo.

Lakini ile ya Fosse, ile ya baleti, ya kabareti za Paris na kumbi za Las Vegas, hiyo imejengwa kwenye mguu ulionyooka kuanzia nyongani mpaka kidoleni. Akina Beyoncé, Gaga, J.Lo wanachanganya vyote viwili ila mshipa mkubwa unatoka huko. Ukifuata dansi hiyo nguo yake inakuja nayo. Na ukitaka kujua kwamba nguo inafuata kazi mwangalie Adele, anasimama anaimba, gauni mpaka chini, na tiketi zinaisha. Alafu mwangalie Pink, kwenye tuzo za muziki za Grammy za 2010 alipandishwa juu ya watazamaji akining'inia kwenye kitambaa, akazungushwa huku anaimba, maji yanamwagika, kavaa bodisuti. Kazi ileile ya Léotard, nguo ileile, miaka mia na hamsini imepita.

Sasa kwanini wanawake wamesukumwa zaidi kwenye ule mshipa wa mguu na wanaume kwenye ule wa suruali? Hapo Mnyalu nakupa, hapo kuna hela na kuna macho ya wanaume na kuna mazoea ya watu. Wanaume nao walivaa zamani wakaacha. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar kabisa, mwaka 1946, miaka ya sabini alikuwa anapanda stejini na vazi la kubana mwili mzima lenye vipande vyeusi na vyeupe, kifua wazi mpaka tumboni, na alijaza viwanja. Kufika 2008 Justin Timberlake akivaa bodisuti na viatu virefu kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kumuigiza dansa wa Single Ladies, watu wanaanguka kwa kicheko. Nguo ni ileile.

Kwahiyo kazi ndo iliyoileta nguo stejini, hela ndo iliyoamua nani aivae. Hayo ni mambo mawili na mimi nagombana na watu wanaoyachanganya.

---

Mnyalu Halisi:

Hapo kwenye sentensi ya mwisho tumekaribiana. Ila bado umeiweka hela mwishoni kama mgeni, mimi naiweka mwanzoni kama mwenye nyumba.

---

Dada wa Njombe Baridi:

Mnyalu na mama wote mmeongea, ila hakuna aliyeuliza anayevaa. Nilikuwa nacheza na kikundi nikiwa chuo Iringa, tukaenda mpaka Songea na Mbeya. Kuna bodisuti nilizipenda kufa, unavaa unajisikia mwepesi, unajua hakuna kitakachotoka, akili yote iko kwenye hatua. Na kuna moja promota aliileta mwenyewe kwenye mfuko wa rambo dakika ishirini kabla ya shoo, saizi ndogo, haina bitana, akasema anayekataa asipande. Kitambaa karibu kilekile na rangi karibu ileile. Tofauti ilikuwa nani kachagua na kamshonea nani.

Nimefurahi mwaka 2021 wale mabinti wa jimnastiki wa Ujerumani walipoingia Olimpiki Tokyo na nguo za kufika kwenye vifundo vya miguu, wakasema kila mtu avae anachojisikia nacho huru. Mwaka huohuo timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilipigwa faini ya yuro 1,500 kwa kuvaa kaptula badala ya kile kichupi kilichokuwa cha lazima wakati huo, na huyohuyo Pink akajitolea kuwalipia. Sasa niambieni, mchezo wenyewe unachezeka na kaptula, wanaume wao wanavaa kaptula, kwanini upigwe faini? Hapo Mnyalu anashinda asubuhi na mapema.

Na Billie Eilish naye alishasema anavaa yale manguo yake mapana ili mtu asipate cha kusema kuhusu mwili wake. Anacheza, anaruka, viwanja vinajaa.

---

Mama Cherehani:

@Dada wa Njombe Baridi umemaliza dada. Promota kuleta nguo kwenye rambo nalijua sana hilo, mara ngapi nimeletewa nipanue usiku usiku. Bodisuti haipanuliki, haina akiba ya mshono kama gauni. Nikiweka kipande pembeni kinaonekana, na wanaolaumiwa ni mafundi.

Ndo maana namheshimu sana mama yake Beyoncé, Tina Knowles. Kundi la binti yake, Destiny's Child, lilipoanza, wabunifu wenye majina hawakutaka kuwavalisha mabinti weusi wenye maumbo, mama akakaa kwenye cherehani akawashonea mwenyewe, Beyoncé alilisema hilo 2016 akipokea tuzo ya mitindo. Mtoto umemzaa, mwili wake unaujua, huwezi kumpandisha na kitu kitakachomuaibisha. Promota hana uchungu huo.

---

Mtumishi wa Rungwe:

Hilo la mama kumshonea mwanae limenigusa. Na hao mabinti wa faini nimewaonea huruma, kumbe wengine wanataka kujisitiri na wanazuiwa.

---

Baba Wawili wa Tunduma:

Shikamoni wakubwa. Mimi nimekuja na shida sio hoja. Binti yangu darasa la sita, shuleni kwao wana mahafali mwezi ujao na kikundi chake cha dansi wameambiwa waje na bodisuti nyeusi na sketi fupi ya kuvaa juu. Mama yake hataki kusikia. Mimi niko katikati nalala kwenye kochi. Mama Cherehani nisaidie, inaweza kushonwa ikawa ya heshima? Na kitambaa ninunue huku Tunduma au nije Mwanjelwa?

---

Mama Cherehani:

@Baba Wawili wa Tunduma marahaba baba, pole na kochi.

Inashoneka na mke wako ataridhika. Mwambie mwalimu ya mikono mirefu na shingo ya juu, rangi ni ileile nyeusi hawezi kukataa. Mkato wa mguu uwe wa chini, kwa mtoto hakuna mateke ya begani, af ndani avae taiti nyeusi nzito mpaka kwenye kifundo, sio ya rangi ya mwili. Sketi ya juu ishonewe kaptula kwa ndani, kama zile za neteboli. Hapo hata akibinuka hakuna kitu.

Kitambaa Tunduma vipo, vinavuka kutoka Zambia. Kikamate kwa vidole gumba viwili uvute pande zote, kwa urefu na kwa upana. Kikivutika upande mmoja tu achana nacho. Kikivutwa kikageuka cheupe katikati nacho acha, ngozi itaonekana kwenye taa. Na ukikiachia kirudi hapohapo, kikibaki na tumbo kimekufa hicho. Kwa mtoto wa darasa la sita mita moja na nusu inatosha kwa mikono mirefu.

Kwa fundi yeyote utakayempa, muulize ana mashine ya ovaloki au angalau mshono wa zigizagi, na sindano ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha butu. Akikuambia atapiga mshono wa kawaida mnyooko beba kitambaa chako uondoke, mtoto akikaa chini tu uzi unakatika paa.

---

Baba Wawili wa Tunduma:

Ubarikiwe mama. Naweza kumshonea kubwa kidogo ili avae na mwakani akiwa la saba? Hali ngumu.

---

Mama Cherehani:

@Baba Wawili wa Tunduma hapana baba, hiyo hapana. Gauni unaweza, sketi unaweza, bodisuti ikiwa kubwa inashuka mabegani na inalegea huko chini, utakuwa umemaliza kazi yote tuliyofanya hapa. Bei ya ufundi nitakushushia, tutaelewana, saizi iwe yake ya leo. Na mje naye mwenyewe nimpime, usiniletee vipimo kwenye WhatsApp.